Mbuzi wa Kutoka Mpofi

Jumatatu, 8 Septemba

Leo tena Emérence, jirani yetu, amemaliza kuuza fromage zake, yaani jibini, asubuhi. Moto, ile pikipiki ya mizigo, imezibeba zote kwenda sokoni Sake. Zangu ziko kwenye ubao, zimepasuka kama visigino vya babu. Maziwa tunanunua kwa wachungaji walewale wa hapa Karuba! Mama yangu, Athanasie, anasema Emérence anageuza zake kila siku. Mimi nazigeuza nikikumbuka. Hiyo si sababu. Sababu ni kwamba yeye ni msichana na ana picha nzuri kwenye statut ya WhatsApp. Kila semina inaimba usawa. Basi, nami nautaka.

Nimepata akili. Nimefungua kompte, akaunti ya kuuzia kwenye simu: “Emérence Fromage Karuba”. Picha ni yake, ile ya kitenge cha njano. Namba ni yangu. Sikumwomba ruhusa. Picha si alishaiweka watu waione?

Jumatano, 10 Septemba

Wateja wengi! Lakini wengi hawaulizi fromage. Mmoja ameniita malaika. Mwingine ameniomba picha ambayo siwezi kuitaja hapa. Nimeona haya peke yangu chumbani. Kumbe Emérence anaamka na mambo haya kila siku? Nimemwonea huruma. Kisha nikaendelea.

Mmoja tu ni mteja wa kweli: Isidore, mfanyabiashara wa Mpofi, huko Walikale. Pesa mkononi hana, ila mbuzi anao. Nimemwandikia kwamba alete mbuzi nyumbani, Papa Léopold, baba yangu, atampokea. (Yaani baba wa Emérence. Mimi nitamvizia njiani na kujiita kaka yake.) Kisha akauliza kama nimefikiri vizuri. Akaomba kusikia sauti yangu. Nimeingia chooni, nimebana pua, nikamtumia sauti nyembamba: leta mbuzi, niko tayari. Amejibu kwa picha za mioyo, zimejaa kioo kizima.

Watu wa Walikale wanapenda fromage namna hii!

Jumamosi, 13 Septemba

Natamani ardhi ipasuke inimeze.

Isidore amekuja. Na wajomba zake. Na bidoni ya kasiksi, pombe ya ndizi ya sherehe. Na mbuzi mwenye utepe mwekundu shingoni. Barabara iliharibiwa na mvua, wakapita njia ya juu. Mimi nilikuwa nimejificha njia ya chini. Nilipofika kwa Papa Léopold, wageni walikuwa wamekwisha kukaa.

Msichana akimwambia mwanaume alete mbuzi kwa baba yake, huo ni uchumba. Mpofi ni hivyo. Karuba pia ni hivyo. Najua tangu utoto. Nilisahau tu kwamba nilikuwa msichana.

Emérence alisema hamjui mtu huyu. Papa yake akamwambia kwamba anajinadi kwenye simu na kuwaaibisha. Isidore, naye akitokwa jasho, akatoa simu yake na kuwasikilizisha ile sauti. Mama yangu, aliyeitwa kusaidia kupika, akaweka mwiko chini.

“Iyo njo sauti ya Darius yangu,” alisema. “Anaongeaka vile wakati jino inamuuma.”

Nilikuwa nyuma ya migomba. Mbuzi peke yake ndiye aliyeniona. Nikakimbia.

Jumanne, 16 Septemba

Ukweli umejulikana, wageni wameomba radhi na kurudi kwao. Lakini Papa Léopold amemnyang'anya Emérence simu na kuifungia sandukuni. Anasema kosa liwe la nani, simu ndiyo iliyoleta aibu. Mimi simu yangu ninayo. Hakuna aliyefikiri kuichukua!

Leo fromage za Emérence nazo zimelala kwenye ubao. Wateja wa Sake wanapiga, hakuna anayejibu. Nilidhani nitafurahi. Nimeshindwa kula.

Emérence amekuja. Hakupiga kelele, na hilo ndilo limeniumiza.

“Darius, uliniiba sura. Sasa siku ya Mungu useme mbele ya bantu yote, Papa anirudishie simu.”

Nimeapa.

Jumapili, 21 Septemba

Baada ya misa nilipewa nafasi ya kusema. Nikasimama. Nikamwona Mama. Nikawaona wasichana wa koro, kwaya yetu. Badala ya kusema “ni mimi niliyekosa”, nilianza kuhubiri juu ya hatari za mtandao kwa wasichana. Nilihubiri muda mrefu. Kuna waliopiga makofi. Papa Léopold akaitikia kwa kichwa: mnaona, hata Darius anasema.

Mungu wangu! Nilikaa chini nikiwa mdogo kuliko harage.

Ndipo Emérence akasimama. Hakunitazama. Alimtazama baba yake.

“Papa, mwizi akiiba ngombe yako, utafunga mwizi mu kashoti, ao utafunga ngombe?”

Watu walicheka. Kisha wakaacha kucheka. Papa Léopold ana ng'ombe, anawapenda kuliko ndugu zake. Aliigeuzageuza kofia yake mikononi. Mwishowe akasema kwamba ng'ombe hana kosa. Jioni simu imerudi kwa mwenyewe.

Mimi nimelia. Naandika hivi kwa sababu hakuna mwingine atakayesoma.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimemwomba Emérence msamaha. Alisema kwanza nifunge ile kompte. Nimeifunga mbele ya macho yake. Isidore amemwagizia fromage, za kweli safari hii, kwa pesa. Mama ananiamsha alfajiri nikageuze zangu. Uso bado unawaka nikipita kanisani. Nimejifunza.

Ila maneno yale ya ng'ombe! Hadi kijiji cha Mushaki wanayarudia. Na mimi jana nilikuwa nimeyarekodi. Maneno ya namna hiyo kuachwa bure ni dhambi. Nimefungua kompte mpya: “Dada Haki, Fromage Safi”. Juu, maneno ya Emérence. Chini, fromage zangu. Sikumwuliza, alikuwa na wateja. Lakini heshima nimeiweka: picha yake safari hii ni ya mgongoni.

Mteja wa kwanza ameshaandika, kutoka Kibua. Anaomba kusikia sauti yangu.

Naenda chooni.