Udongo wa Mguu wa Débora

Jumatatu, 3 Machi. Butembo, Kimemi.
Ananie amemnunulia Débora kitenge! Débora anaimba sauti ya kwanza katika kwaya yetu. Ananie anapiga gitaa na anajiona sana. Mimi nauza chaja za simu. Nikamwendea Phinées, mwalimu wa Kiingereza, nijue Waingereza wanafanyaje wakimpenda mwanamke. Akasema kwao, mwanaume akimpenda na kumheshimu mwanamke kupita kiasi, husemwa anaabudu udongo anaoukanyaga. Asili yake, anadhani, ni zamani za wafalme, watu walipoinama kubusu vumbi mbele ya miguu ya wafalme hao. Siku hizi ni maneno tu, akaongeza. Maneno tu! Mwalimu hana moyo.

Jumatano, 5 Machi.
Mvua ilinyesha. Bahati yangu. Baada ya mazoezi Débora alikanyaga tope mbele ya kanisa, alama safi kabisa. Nikapiga magoti, nikainama, nikachota yote kwa kijiko, ndani ya kopo la maziwa. Jumapili nitamkabidhi mbele ya baba yake. Ananie alikuwa mlangoni, ananitazama. Aone wivu.

Ijumaa, 7 Machi.
Mambo imeharibika. Ananie alikimbia kwa Papa Éliakim, baba ya Débora, shemasi wetu. Huku kwetu, anayechota udongo wa mguu wa mutu anaupeleka kwa mulozi, mwenye mguu arogwe. Nilijua hivyo tangu utoto. Nilisahau tu! Papa Éliakim alifika na wamama wa maombi.
"Weye Kambere, udongo ya mutoto yangu unapeleka kwa nani?"
Nikamweleza habari za Waingereza. Akauliza kama nao ni walozi. Wamama wakaniwekea mikono kichwani, wakakemea pepo mpaka sauti zikawakauka. Kisha nikarudisha udongo palepale, kijiko kwa kijiko, Ananie akinishikia mwavuli. Haya ilinimaliza.

Jumapili, 9 Machi.
Débora alinifuata nje ya kanisa, peke yake. Kitenge cha Ananie hakukivaa. Akasema polepole:
"Kambere, tuko kwaya moja mwaka muzima. Hata siku moja haujanisalimia. Ungenisalimia tu."
Kisha akapanda gari la kwenda Beni, anakwenda kwa shangazi yake kule Mavivi mpaka Pasaka.
Nimewaza sana. Kosa nimeliona: udongo uko chini mno. Nikarudi kwa Phinées. Anasema Waingereza pia humweka mwanamke wanayempenda juu ya nguzo, kama sanamu. Lakini akaniomba nisifanye kitu. Naye ana wivu! Nimeshaongea na Stanislas, fundi wa matofali. Débora akirudi, saruji ya nguzo yake itakuwa imekauka.