Kituo Hakijafunguliwa Rasmi

Jumatatu, 3 Novemba
Mvua imeanza. Safi sana! Chifu anataka mtaa wetu wa Landless uwe na Kituo cha Dharura. Jumamosi mheshimiwa anakuja kukifungua, na siku hiyo hiyo mkuu wa kituo atatangazwa. Nani mwingine kama si mimi, Kivuva, mwenyekiti wa muda? Jentrix wa kibanda cha chapati naye anajipendekeza. Eti alisomea huduma ya kwanza! Kituo kinataka mtu anayejua itifaki.

Jumanne, 4 Novemba
Tumepewa chumba nyuma ya kanisa. Kamba, makoleo, blanketi, gambuti: vyote nimevipanga vikapangika. Utepe mwekundu nimeufunga mlangoni kwa mikono yangu. Jentrix akauliza mitaro itazibuliwa lini. Nikamjibu kwamba kwanza tuunde kamati ya makaribisho. Akanitazama, akarudi kwa chapati zake. Nimemweza!

Jumatano, 5 Novemba
Leo mazoezi. Mke wangu Mwelu aliigiza mheshimiwa. Akachelewa makusudi, akasema ndivyo wanavyofanya. Mazoezi ya mafuriko hatukuyafikia, maombi ya kufungua yalikuwa marefu.

Alhamisi, 6 Novemba
Balaa! Mvua ya alfajiri imefurisha mtaro, maji yakaingia nyumba za chini. Watu wakaja mbio kutaka makoleo. Nikawaeleza kwa upole kwamba kituo bado hakijafunguliwa. Mzee Kaleli akauliza, kwani mlango si huo uko wazi? Nikamwambia hakijafunguliwa rasmi, na haraka haraka haina baraka.

Jentrix akafika. "Chairman, hebu songa." Akainama, akapita chini ya utepe, akatoka na makoleo yote. Hata kuukata hakuukata. Dharau gani hii!

Muda si muda kibanda chake kikawa makao makuu. Vijana anawatuma huku wazibue mtaro, kule wabebe wagonjwa, waliolowa wanapewa chai. Mimi nililinda utepe. Hakuna aliyenipigia simu, hata Mwelu, ambaye alitolewa nyumbani kwetu na vijana wa Jentrix, maji yakiwa magotini. Hiyo iliniuma sana.

Jumamosi, 8 Novemba
Mheshimiwa ametuma udhuru. Chifu akamtangaza Jentrix mkuu wa kituo. Vigelegele! Aliyevianzisha ni Mwelu. Mimi nimepewa cheo cha kupanga viti.

Jumapili, 9 Novemba
Nimelala kwenye kiti, godoro halijakauka. Nimefikiria sana ni wapi nilikosea, na nimepaona. Nilialika mgeni rasmi mmoja tu! Angekuwepo wa akiba, Alhamisi tungefungua asubuhi na mapema.

Basi sikati tamaa. Mvua ikiisha, kiangazi kitafuata. Naanzisha Kituo cha Ukame, mwenyekiti wa muda ni mimi. Mwelu anauliza matangi ya maji yatatoka wapi. Wanawake bwana! Hajaniuliza hata ni nani atakayesoma hotuba ya kumkaribisha mgeni.