Siku Mama Mkwe Alipoleta Ng'ombe Apimwe

Jumatano, mwezi wa saba. Ukungu tangu alfajiri na baridi ya kuuma masikio. Jua limechungulia saa tano, likaona mambo yangu, likarudi lilikotoka.

Leo nimeumbuka. Nimeumbuka mbele ya kijiji, mbele ya mama mkwe, na aliyeniumbua ni ng'ombe. Nitaandika yote, hata yanayoniuma, maana nikiruka kitu nitakuwa nimejipendelea.

Hapa kijijini tulikubaliana mkutanoni kwamba kila nyumba yenye ng'ombe wa maziwa itoe kibuyu kimoja asubuhi kwa uji wa watoto dhaifu pale zahanati. Jambo zuri. Halafu watoto wakaanza kuharisha. Nesi Hadija, aliyeletwa huku kutoka Tabora, akasema kuna mtu anaongeza maji ya mtoni kwenye maziwa. Bwana mifugo akatuletea kipimo na karatasi ya maelekezo. Ni kijiti cha kioo chenye mstari mwekundu, unakitumbukiza kwenye maziwa kinaelea. Mstari ukibaki juu, maziwa ni safi. Ukizama, yametiwa maji.

Mwenyekiti akasema kipimo apewe mtu asiyependelea. Wakanitaja mimi. Nikawaambia nina darasa la nne tu, tena la kusukumwa. Wakapiga makofi. (Sijui kwa nini watu hupiga makofi mtu anaposema ukweli wa kusikitisha.)

Wakaweka na sheria: atakayezamisha kipimo siku tatu mfululizo, jina lake linasomwa mbele ya wote, na nyumba yake haileti maziwa tena.

Jumatatu, wa kwanza kuzamisha alikuwa mama mkwe.

Mama huyu ni mjane, ana ng'ombe mmoja tu, na anakaa jirani kabisa na zahanati. Ng'ombe wake anaitwa Azimio kwa sababu alizaliwa mwaka ule wa Azimio la Arusha. Mtoto wetu Safari alipougua surua, maziwa ya Azimio ndiyo yaliyomrudisha. Mimi najua. Nilikuwepo. Lakini mstari ulizama, nikaandika kwenye daftari la kipimo: yamekataliwa.

Jana, yale yale. Mama hakubishana. Aliangalia daftari, akaniangalia mimi, akafunga kibuyu chake akaenda. Jioni mke wangu, Mama Safari, akaniwekea ugali mtupu.

"Mboga iko wapi?"

"Imetiwa maji," akasema. "Nimeikataa."

Basi leo ilikuwa siku ya tatu. Nimefika zahanati mapema. Nilikuwa nimeomba njiani kwamba mama augue kidogo tu, asije. (Mungu anisamehe, niliomba mafua, si zaidi.) Watu wamepanga mstari barazani, vibuyu mkononi. Wa kutoka mlimani, wote safi. Wa karibu, majirani wawili, wamezamisha.

Mzee Tluway, ambaye hajawahi kunyamaza tangu nimfahamu, akapaza sauti: "Ndugu mpimaji! Hivi wezi wote wamejenga karibu na zahanati?"

"Mzee, kipimo hakina nyumba," nikamjibu. Nilijiona nimesema jambo kubwa.

Hapo ndipo mama mkwe akatokea kwenye ukungu. Kibuyu kitupu begani. Mkono mmoja kamba. Mwisho wa kamba, Azimio. Nyuma ya Azimio, ndama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Bwana Mpimaji."

Bwana Mpimaji! Miaka tisa ananiita mwanangu.

"Leo sikuleta maziwa," akasema, taratibu kabisa. "Nimemleta mwenye maziwa. Kama kuna anayetia maji, ni huyu. Mkamue, mpime, umwandike."

Watu wakasogea. Mwenyekiti akakohoa. Nesi Hadija akatoka ndani na mwiko wa uji mkononi. Mimi nikatafuta pa kukimbilia, sikupaona.

Nikachukua kopo nikachuchumaa. (Nyumbani anakamua Mama Safari. Mimi kazi yangu ni kumsifia.) Nimegusa chuchu moja tu, Azimio akanyanyua mguu, na mimi huyo, chali kwenye matope, kofia kule, kopo huku. Ndama akaja kuninusa.

"Upande wa kulia, Bwana Mpimaji," mama mkwe akasema. "Huyo hupimwa upande wa kulia."

Watu walicheka mpaka mmoja akaweka kibuyu chini kwa usalama. Nikahamia kulia. Nikakamua mpaka kopo likajaa, povu na mvuke juu. Macho ya kijiji yote kwenye vidole vyangu. Tone la maji halikuwa na njia ya kuingia. Nikatumbukiza kipimo.

Mstari ukazama.

Nikakitoa, nikakifuta, nikarudia. Ukazama tena, tena kwa haraka, kama kipimo kiliona aibu kuonekana na mimi.

Halafu Mzee Tluway: "Andika basi! Andika kwamba Azimio lina maji!"

Hakuna aliyejua kama inaruhusiwa kucheka. Mwenyekiti akatazama kushoto na kulia. "Semeni ng'ombe," akasema. "Ng'ombe wa mama huyu. Tusichanganye mambo."

Nesi Hadija akaninong'oneza, "Karatasi ya bwana mifugo iko wapi?" Nikaitoa mfukoni. Akaisoma. Kisha akaigeuza.

"Huku ulisoma?"

"Kuna huku?"

Karatasi ilikuwa na maandishi nyuma. Wiki nzima nimetembea nayo, sijaigeuza. Akasoma kwa sauti, bila kunionea wala kunificha: "Maziwa yapoe kwanza ndipo yapimwe. Yakiwa bado na joto la ng'ombe, kipimo kitazama hata kama ni safi."

Kumbe! Wa mlimani wanatembea saa nzima kwenye baridi, maziwa yanafika yamepoa. Wa karibu wanafika na joto lake. Nilikuwa sipimi maji. Nilikuwa napima umbali.

"Na mimi nilikuwa naweka kibuyu kifuani, ndani ya shuka," mama mkwe akasema, kama anajiambia mwenyewe. "Ili wale watoto wasipewe ya baridi."

Hapo hakuna aliyecheka. Mimi nilitazama chini.

Tukaweka kopo kwenye beseni la maji ya chemchemi, tukasubiri. Nikatumbukiza. Mstari ukasimama juu, mwekundu, wazi, hata mwenye macho mabovu angeuona. Watu wakashangilia kama kwenye mpira. Tukapoza na ya wale majirani, nayo safi. Tukarudia ya wote ili haki iwe moja. Mmoja tu, ambaye zamu yake ilikuwa haijafika asubuhi, alikuja kuniomba radhi kabla sijatumbukiza kitu, akasema ni maji ya kusuuzia kibuyu, yalimzidi mkono. Jina lake siliandiki, kwa sababu alilitoa mwenyewe.

Nikasimama nikasoma jina la mkosaji wa siku tatu. Nilisoma langu. Nikawafutia majirani na mama maandishi yale, nikamkabidhi mwenyekiti kipimo, nikasema tafuteni mwingine anayejua kwamba karatasi zina nyuma.

"Abaki," mama mkwe akasema. "Aliyethubutu kunikataa mimi hatamwogopa mtu yeyote."

Wakapiga makofi tena. Halafu akanisogelea. "Mwanangu," akasema, "mgongo wako wote ni matope. Geuka nikufute."

Nikageuka. Akanifuta kwa pindo la shuka ile ile.

Wewe utakayeokota daftari hili, ukitaka kucheka, cheka. Ila geuza ukurasa kwanza.

Jioni hii tumekula ugali na maziwa ya Azimio, mama mkwe ameleta kibuyu mwenyewe, kifuani. Yalikuwa bado ya moto. Sikuyapima.