Malalamiko Dhidi ya Matumbawe Yanayonizuia Kwenda Nyumbani

Kwa Mhariri,
Ukurasa wa Bustani na Wanyama wa Nyumbani.

Ndugu Mhariri,

YAH: MATUMBAWE LAINI KUNINYIMA LIKIZO

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na ofisi yako yote. Mimi ni mzima wa mwili, ila nina dukuduku. Shule niliacha njiani, kwa hiyo nikikosea mahali, tafadhali soma nilichokusudia.

Mimi ni kibarua wa ujenzi. Nililetwa kwenye nyumba hii kujenga ukuta wa uani, na ukuta huo mpaka leo umefika kiunoni, kwa sababu bosi alisoma ukurasa wako. Uliandika kwamba mtu yeyote anaweza kufuga matumbawe laini sebuleni, kwamba hayana kazi kuyatunza, na kwamba yanaenea haraka hata kwa mfugaji mvivu. Bosi akanunua tangi la kioo refu kama kitanda, akatia maji ya chumvi, taa za buluu, pampu na mawe, na juu ya jiwe moja akaweka kipande cha tumbawe kisichozidi kidole gumba. Halafu akatoka nje kutafuta mfugaji mvivu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kivuli cha ukuta, nakunywa chai.

Kinachoniuma ni kimoja: tangu kipande kile kiingie majini, sijaenda nyumbani. Mke wangu yuko huko, safari ya basi na basi jingine. Kila nikiomba likizo, bosi analitazama tangi kwanza, ndipo ananitazama mimi. "Na hawa nimwachie nani?" Basi naomba nieleze makosa ya matumbawe haya, uone kwamba sina wivu.

1. Yanaenea. Najua uliandika hivyo, lakini hukuandika kwamba yanaenea kama umbea. Yalianza jiwe moja, yakapanda la pili, yakashuka mchangani, sasa yameparamia kioo na bomba la pampu. Yana viganja vidogo vinavyofumba na kufumbua kutwa nzima, kama mtu anayemwita mwenzake. Mimi nimeitwa na wasimamizi wengi kazini, lakini hata wao hupumzika.

2. Hayaogopi mgomo. Niliona nikiacha kuyahudumia yatakufa, nami nitakwenda zangu. Nikaacha kubadilisha maji. Maji yakageuka rangi ya chai ya majani yaliyochemshwa mara ya pili. Kumbe matumbawe ya aina hii hupenda uchafu kidogo. Yalinenepa. Bosi akamwita jirani aje aone, akanipiga begani akasema, "Huyu jamaa ana mkono." Ndugu Mhariri, nimebeba zege tangu ujana na hakuna aliyewahi kuniambia nina mkono. Sifa yangu ya kwanza maishani nimeipata kwa kutofanya kazi.

3. Hayafi hata yakikatwa. Bosi mwenyewe alisema yamezidi, yapunguzwe. Nikachukua mwiko wa kupigia lipu, nikakwangua kama ninavyokwangua saruji iliyogandia ukutani, kwa hasira zote za likizo yangu. Nikaenda kuoga nikiimba. Hukuandika, Ndugu Mhariri, kwamba kila kipande kilichokatwa ni tumbawe jipya. Vilielea, pampu ikavisambaza kila kona, na baada ya muda kila kimoja kilikuwa kimeshika jiwe lake kama mtu aliyegawiwa kiwanja. Bosi alisahau kwamba aliyataka machache, akadhani nimefanya makusudi. Akanipandisha cheo. Sasa mimi ni mtaalamu, na mtaalamu hana likizo.

4. Dereva. Hili linamhusu dereva wa bosi, tunayemwita Breki kwa sababu hazitumii, lakini kosa ni la matumbawe. Ilisemwa yeye anishikie nafasi nikienda nyumbani. Siku ya majaribio alitumbukiza mkono wenye sabuni ya kuoshea gari. Matumbawe yote yakafumba, yakanywea kama soksi zilizolowa. Mama mwenye nyumba, mke wa bosi, akapita, akauliza, "Mmewafanya nini wageni wangu?" Nikatia mkono wangu mimi, na pole pole yakafumbuka. Sikuyaomba. Breki akasema, "Ndugu yangu, hao ni wa kwako, hata sura mnafanana." Tangu hapo haruhusiwi kuvuka zulia.

5. Yanaishi vizuri kuliko mimi. Wakati wa joto yana feni yao. Umeme ukikatika, jenereta huwashwa kwa ajili yao, na waya wake unapita juu ya mlango wa chumba changu bila hata kunisalimia. Maji yao hupimwa chumvi kila asubuhi. Mchuzi wangu haujawahi kupimwa na mtu.

6. Yameingia kati yangu na mke wangu. Akipiga simu anauliza habari, nami bila kujua naanza: leo moja limehamia kwenye kioo, jingine limegawanyika. Mara ya mwisho alisema, "Baba watoto, mimi nimekuuliza unarudi lini, wewe unanieleza nani kahama." Akaongeza kwamba akisikia tena habari za viganja, atapanda basi aje kunichukua mwenyewe, na hatakuja kwa heri. Mke wangu si mtu wa kutisha watu. Akisema, anafanya.

Kwa hiyo naomba uchapishe, kwa herufi nene, kwamba imegunduliwa kuwa matumbawe laini hudhurika yakitunzwa na mtu yule yule kwa muda mrefu. Najua si kweli. Lakini uliandika kwamba hayana kazi, na hilo pia si kweli, kwa hiyo hutakuwa umeanza leo. Likishindikana, andika kwamba mikono ya wajenzi ina sumu. Likishindikana na hilo, naomba unitambue rasmi katika ukurasa wako kuwa tumbawe laini, aina ya kibarua: silipi pango, nimeng'ang'ania mawe ya watu, na nikikatwa mshahara naendelea kuishi. Labda hapo nitapata feni.

Nisalimie wote hapo ofisini: wachapaji, anayewapikia chai, na hasa yule aliyepiga picha ya tangi bila kuonyesha ndoo za kubadilishia maji.

Ni mimi ninayesubiriwa nyumbani,
Kibarua wa ujenzi, kwa sasa mtaalamu.

Nyongeza: Barua hii ilikaa mfukoni kwa kukosa stempu, na mambo yamebadilika. Mke wangu amekuja. Aliingia sebuleni na mkoba begani, akauliza, "Wako wapi hao?" Nikamwonyesha. Akainamia kioo ayape maneno yake, viganja vikamfumbukia. Baadaye akavuta kiti. Bosi alipoona sura ya mama huyu alinipa likizo papo hapo, mwezi mzima, bila kuombwa. Tulipaswa kuondoka juzi. Lakini mke wangu anasema kuna kadogo kamoja kameachia jiwe, na hawezi kukaacha katika hali ile, tungoje kashike. Amekafunga kwenye jiwe kwa uzi wa kushonea, jambo ambalo mimi mtaalamu sikulijua. Jana nilitaka kubadilisha maji, akaniambia nisiguse, nina mkono mzito. Kwa hiyo malalamiko yote naomba uyafute, isipokuwa la dereva. Na ule uongo wa kwanza niliokuomba, usiuchape kabisa, maana atauamini, na kwa kuwa haya hayajadhurika, atataka kujua nani mwingine amekuwa akiyashika. Utujibu tu: kakishashika, kanahitaji mtu wa kukaangalia kwa muda gani? Mimi nasema siku mbili. Yeye ameshatuma watu wa nyumbani wamletee nguo.