Nyumba Shangani, Moyo Chuno

Jumatatu, 6 Machi 1972
Tumehamia Shangani, mtaa wa wakubwa! Mimi, tarishi, nimepewa nyumba ya serikali. Matofali, bati, bomba ndani. Mke wangu Somoe kalifungua bomba na kulifunga mchana kutwa. Jioni akakaa kizingitini kutazama barabara. Hakupita mtu.

Jumatano, 8 Machi
Binti yetu Hadija hakohoi tena. Kule Chuno tulikotoka paa lilivuja juu ya kitanda chake. Kwa hiyo kurudi hakuna. Lakini Somoe hali chakula vizuri. Anasema kisimani alijua nani kajifungua, nani kaachika. Bomba halimwambii kitu.

Dawa ni jirani. Nikabisha kwa Bwana Mathayo, karani wa fedha, kuomba chumvi, ili kesho niirudishe tuzoeane. Kanipa pakiti nzima. Kasema nisirudishe. Mlango ukafungwa.

Mimi sina hamu na Chuno. Nilipita tu huko kwa Issa muuza kahawa. Vikombe vinne.

Ijumaa, 10 Machi
Mpango mkubwa. Baada ya sala, msikitini kule, nimewatangazia watu wa Chuno kwamba Somoe anaumwa. Uongo mdogo.

Jumamosi, 11 Machi
Wamekuja kumi na tisa! Mbele Mwanakombo, shoga yake Somoe, na uji wa muhogo na mikeka. Wakamkuta Somoe anafua. Alinitazama, kisha akaenda kujilaza, akaguna kama mgonjwa, nisiaibike. Muda si muda yuko uani anacheka nao.

Theresia, mke wa Mathayo, akachungulia. Nikajua tutashtakiwa kwa kelele. Akavua viatu, akakaa mkekani. Alisema yuko hapa mwaka wa tatu, hajawahi kuketi uani kwa mtu.

Alasiri wakaondoka. Somoe akawasindikiza hadi barabara kuu. Alichelewa kurudi.

"Mtoto analala salama hapa, Baba Hadija," akaniambia. "Mimi ndiye nimebaki kule. Nipeleke kesho, nikakae nao tu."

Nikamwambia nitalitafutia jibu.

Jumapili, 12 Machi
Jibu nimelipata. Tatizo ni mtaa huu! Nasikia kuna nyumba zinajengwa mbali zaidi, kila moja na ukuta na geti lake, majirani wakubwa watupu. Huko Somoe atatulia. Nimeshinda nikiandika barua ya maombi, sikupata nafasi ya kumpeleka. Kaenda Chuno peke yake, kwa miguu. Akirudi nitamsomea barua. Atafurahi sana.