Picha ya Ndani ya Mkurugenzi

Hivi, mwenzangu, umewahi kuona ugonjwa ukapigwa marufuku nao ukatii? Basi sogea karibu, maana ipo hospitali moja kubwa ambako jambo hilo liliwezekana, tena kwa waraka wenye mhuri.

Waraka ulitoka kwa Mkurugenzi mwenyewe, ukabandikwa kila mlango, hata wa choo: "Kuanzia leo, katika hospitali hii hakuna tatizo lolote baada ya upasuaji." Homa ikaitwa joto la uponaji. Usaha ukaitwa unyevu wa mpito. Na kwa kuwa mashine ya skani, ile inayopiga picha za ndani ya mwili, ni ya kutafuta matatizo, na matatizo yamekwisha, ikafunikwa shuka safi la maua, isiguswe mpaka mtu atamke kwa kinywa chake kwamba kuna tatizo. Akishatamka, anahamishwa. Daktari wa picha, aliyekuwa akiisoma hiyo skani, alithubutu kusema mgonjwa mmoja anavuja kwa ndani. Akahamishiwa kitengo cha mabomba, maana huko ndiko kulikoruhusiwa kuvuja. Mpaka leo anashika spana, na wanasema ana mkono mwepesi.

Mambo yakaenda vizuri sana. Waliopona walihesabiwa wamepona, na waliokufa walihesabiwa wameruhusiwa mapema.

Ikatokea Mkurugenzi naye akaugua kongosho, kile kiungo kilichojibanza nyuma ya tumbo la chakula. Wakubwa wenzake hupanda ndege hata kwa jino, lakini yeye alikubali kupasuliwa palepale kwake. Kamati ya Tuzo ilikuwa njiani kuja kuikabidhi hospitali Ngao ya Kutokuwa na Tatizo, na mgonjwa wa mfano alitakiwa. Kongosho likakatwa kipande, akashonwa, akawekewa mrija ubavuni wa kutolea maji, akalazwa kwenye mashuka yaliyopigwa pasi mpaka pembe zake zikasimama.

Mwanzoni alikuwa akichekacheka. Kisha mrija ukaanza kutoa maji ya rangi ya chai iliyolala, mwili ukachemka, tumbo likakaza kama ngoma, na kwikwi zikamshika zisimwachie.

Mkewe alimpangusa jasho. "Baba watoto, unaungua."

"Siungui. Hik! Ni joto la uponaji."

"Joto la uponaji ndilo linalokugonganisha meno?"

Akaja daktari aliyempasua, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Aliutazama ule mrija weee, kisha akautazama mlango. Alikuwa na watoto shuleni, na mambo ya mabomba hayajui.

"Mzee," akanong'ona, "haya maji ya kongosho yanayeyusha nyama, wala hayaulizi ni nyama ya nani. Skani itatuonyesha yamejikusanya wapi, tuyatoe kwa sindano kabla hayajakumaliza. Sema tu lile neno. Wewe nani atakuhamisha?"

"Neno gani?"

"Lile."

Mkurugenzi akageukia ukutani. Na hapo napo walikuwa wamebandika waraka.

Maumivu yalipozidi, akatafuta njia ya pembeni. Akamwita Msemaji wa hospitali. "Nataka nipigwe picha. Hik! Upesi!"

"Sasa hivi, Mheshimiwa!" Msemaji akatoka mbio, akarudi na mpiga picha, taa mbili na kitana.

"Siyo hiyo! Picha ya ndani!"

"Umesikia, ni ya ndani," Msemaji akamwambia mpiga picha. "Funga pazia."

"Ya tumbo, jamani!"

"Mheshimiwa, samahani, tumbo likiwa limevimba hivyo halipendezi. Tutaanzia kifuani kwenda juu."

Akachanwa nywele. Alikuwa bado anachanwa Kamati ilipoingia, suti tupu, na mwenyekiti wao amekumbatia ngao ya shaba.

"Mbona ana kwikwi?" mwenyekiti akauliza.

"Za furaha," Msemaji akajibu.

Wajumbe wakapiga makofi. Mwenyekiti, ili ngao ionekane vizuri kwenye picha, akailaza juu ya tumbo la mgonjwa.

Yowe alilopiga Mkurugenzi lilikata makofi katikati. Mkewe akaitwaa ile ngao, akaitupa chini ya kitanda, karibu na kandambili.

"Sema, baba watoto! Sema, au nikakutayarishie kuruhusiwa mapema?"

Mkurugenzi akamtazama mkewe. Akautazama waraka. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Nina tatizo," akasema.

Msemaji akacheka peke yake. "Mheshimiwa anatania."

"Sitanii! Nina tatizo! Navuja!"

Daktari hakungoja kuambiwa mara mbili. Alishafungua breki za kitanda na kukigeuza kuelekea mlangoni, lakini Msemaji akawahi kusimama katikati, waraka mkononi.

"Kwa mujibu wa waraka, atakayetamka hivyo anahamishiwa kitengo cha mabomba mara moja. Na saini, Mheshimiwa, ni yako."

Mkurugenzi akajiinua kwa viwiko, jasho likimchuruzika mpaka shingoni.

"Basi nihamishe!" akasema. "Ila nipitisheni skani kwanza. Na yule daktari wa picha, mwambieni aache hayo mabomba, aje aniangalie mimi."