Mdiria wa Ukingoni Kwangu

Jumatatu, 3 Juni
Mama Ramani kapita tena. Ni afisa wa halmashauri. Tumempa jina hilo kwa sababu hatembei bila karatasi ndefu kwapani. Karudia yaleyale: kingo zote mbili za mto zitasafishwa, zipandwe nyasi na miti, watu wapate pa kupumzika. Sisi waosha magari na wauza miche tuhamie kule juu, kando ya barabara, kwenye mabomba. Shemeji, kaka wa mke wangu, anayeuza miche hapahapa ukingoni, kakubali kuhama palepale na kushukuru. Hilo lilinitosha. Jambo analolikimbilia shemeji haliwezi kuwa na heri kwangu. Nimekataa. Miaka yote naosha kwa maji ya mto, sijaona gari lililolalamika.

Jumanne, 4 Juni
Wazo limenijia nikisugua tairi la teksi. Dereva alikuwa akisimulia kwamba kwao barabara nzima ilipindishwa kwa ajili ya kiota cha ndege adimu. Ndege! Mchana nimetoboa tundu ukingoni, chini kidogo ya banda langu. Tundu safi, la duara, refu kama mkono. Kisha nikampigia simu Mama Ramani, nikamwarifu kwa huzuni ya kiungwana kwamba hapa anaishi mdiria, yule ndege mvuvi mwenye mdomo mrefu. Kasema ataleta mtaalamu Ijumaa.

Jumatano, 5 Juni
Mke wangu kaniuliza mdiria huyo nimemwona lini. Nimemjibu kwamba mambo ya kitaalamu hayaelezeki jikoni. Kaendelea kukata vitunguu. Shemeji kaja kula, kama kawaida yake, akanishauri niwahi nafasi huko juu kabla hazijaisha. Ana huruma ya kuudhi. Nimemwambia atulie aone.

Ijumaa, 7 Juni
Mtaalamu ni mwanamke mwembamba, darubini shingoni. Nilijiandaa kumweleza kwamba ndege katoka kidogo. Haikuhitajika. Tulikaa kimya juu ya ndoo zilizopinduliwa, na mdiria akaja. Wa kweli. Wa buluu. Akaingia kwenye tundu langu bila hata kupiga hodi, akatoka na udongo mdomoni. Anaongeza chumba. Niliyeshtuka kuliko wote ni mimi.
Mtaalamu kanipa mkono kwa nguvu. Mama Ramani kakunjua karatasi yake, kachora duara jekundu. Banda langu limo ndani ya duara. Nimeshinda. Nimepita kwa shemeji makusudi, nikipiga mluzi.

Jumatatu, 10 Juni
Watu wa halmashauri wamekuja na nguzo na waya. Nikawaonyesha pa kuacha mlango. Wakasema hakuna mlango. Sabuni inaua samaki, samaki wakiisha ndege anahama. Nikamgeukia mtaalamu, nikamkumbusha kwamba hapa ni kwangu. Kanitazama kwa upole.
"Tunakushukuru sana, kaka. Ila sasa ni kwake."
Banda wamelibomoa kwa mikono, taratibu, mdiria asisumbuliwe. Nimetoka na ndoo zangu. Hadi jioni zilikuwa kavu. Sikumbuki lini ziliwahi kukauka.
Nyumbani nimesimulia yote, isipokuwa habari ya tundu. Mke wangu kafuta mikono, kaketi.
"Tundu umetoboa wewe," akasema. "Ndege umemjengea. Sisi bado tunapanga nyumba."


Jumamosi, 24 Agosti
Bustani imefunguliwa. Nyasi, mabenchi, miche ya shemeji kila upande. Watoto wanabingirika pale nilipokuwa nikimwaga povu. Watu wazima wamejazana kwenye uzio, wananong'ona kana kwamba wako wodini, wakimngoja mdiria atokeze kichwa. Pamependeza, siwezi kukataa.
Mama Ramani kanifuata. Imebaki nafasi moja huko juu, yenye bomba lake. Kaniwekea mimi, kwa wema wangu kwa ndege. Nihamie keshokutwa. Mke wangu kashukuru kwa niaba yangu kabla sijafungua mdomo.
Nimekwenda kuiona. Nafasi nzuri, maji yanatoka kwa nguvu. Ila jirani yangu ni shemeji, kitalu chake ni kipana kuliko eneo langu, na kivuli chote kimeangukia kwake.
Nimemrudia Mama Ramani. Nimemnong'oneza kwamba katikati ya miche ya kitalu cha shemeji nimeona chura wa ajabu, wa aina ambayo sijapata kuiona maishani. Katoa kalamu, kaniuliza ana rangi gani.
Nimemwambia nitamletea jibu kesho.